Matairi Manne ya Mbio na Safari ya Kurudi Nyumbani

Matairi laini ya mbio yanapotoka uwanjani yangali moto huokota kila kitu kilicho barabarani, na kwa kilomita mbili au tatu za kwanza kutoka upande wa Athi River kuja mjini gari langu hulia kama bati linalonyeshewa, kokoto zikibanduka moja moja kwenye mpira na kugonga matao ya magurudumu. Kelele hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuyapima matairi haya kwa namna ambayo sijaiona katika majarida ya Ulaya na ya Japani. Wao huyafikisha uwanjani kwa lori, huyafunga, huzunguka na kuandika sekunde. Mimi huenda uwanjani nikiwa nimeyakalia, na jioni hurudi South B juu ya matairi yale yale, nikipishana na malori ya saruji, matuta, misumari iliyodondoka kwenye vibanda vya mafundi wa kando ya Barabara ya Mombasa, na mara nyingine mvua ya alasiri ambayo asubuhi haikuwa na dalili. Kwa hiyo tathmini hii ya aina nne za matairi, yaani Toyo R888R, Nankang NS-2R, Yokohama A052 na Michelin Cup 2, inaanza na safari hiyo, na sekunde zinafuata nyuma yake.

Gari lenyewe ni Toyota 86 ya mwaka 2014, iliyoteremka bandarini Mombasa mwaka 2021 ikiwa bado ndani ya ile miaka minane inayoruhusiwa kwa magari yaliyotumika. Ina injini ya lita mbili isiyo na turbo, nguvu za farasi 200, uzito wa takribani kilo 1,240, na matairi ya kipimo cha 215/45R17 mbele na nyuma. Nayataja haya kwa sababu tairi hubadilika tabia kulingana na gari linalolibeba. Subaru Impreza WRX STI, ambayo ndiyo gari linalopendwa zaidi na vijana wa Nairobi wenye hamu ya mwendo, ni nzito kuliko hii kwa zaidi ya kilo 200 na inasukuma magurudumu yote manne, hivyo italichosha upesi tairi ambalo kwangu limedumu. Toyota walipoitoa 86 mwaka 2012 waliivisha Michelin Primacy HP, tairi la kistaarabu ambalo lilifungwa pia kwenye baadhi ya Prius, na walifanya hivyo kwa makusudi ili mkia wa gari uteleze hata kwa mwendo mdogo. Ni mzaha mzuri wa wahandisi, na sina ugomvi nao, ila tairi hilo halikuumbwa kwa kazi ninayoizungumzia hapa.

Kisheria, tairi la mbio linaloruhusiwa barabarani ni tairi kama mengine. Lina mifereji, lina alama ya DOT ya Marekani au herufi E iliyozungushiwa duara ya Ulaya, na lina namba ya uzito pamoja na herufi ya mwendo ubavuni. Kwenye kipimo changu mara nyingi utasoma 87W, maana yake ni kwamba kila tairi linabeba kilo 545 na linastahimili kilomita 270 kwa saa, au utasoma 91 kwenye yale yaliyoimarishwa, ambayo hubeba kilo 615. Tofauti yake na tairi la kawaida iko kwenye mpira, ambao ni laini na hunata ukipata joto, kwenye ubavu, ambao ni mgumu ili usipinde kwenye kona, na kwenye mifereji, ambayo ni michache na haina kina kirefu. Tairi la kawaida huanza maisha yake na kina cha takribani milimita 8, ilhali mengi ya haya huanza na pungufu ya hapo, na alama za uchakavu zilizo ndani ya mifereji hukaa kwenye milimita 1.6, hivyo safari ya kutoka upya hadi kipara ni fupi hata kabla hujaingia kona ya kwanza.

Namba ambayo wauzaji huitaja kwa sauti kubwa zaidi ni ile ya uchakavu, inayotokana na mfumo wa Marekani ambamo tairi la kulinganishia hupewa 100, na mengine hupewa namba kubwa zaidi kadiri yanavyodumu kuliko hilo. Kwa kanuni hiyo, Toyo Proxes R888R yenye 100 ingepaswa kuisha haraka mara mbili kuliko Yokohama Advan A052 yenye 200. Ukweli nilioushuhudia kwenye gari langu ni kwamba A052 ilikaribiana sana na R888R kwa kuisha, na hata kuizidi nilipoibana sana. Sababu haiko mbali. Namba hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, na vyama vya mashindano, SCCA ya Marekani kikiwemo, viliweka 200 kuwa kiwango cha chini kwa daraja la matairi ya barabarani. Tangu hapo matairi mengi makali sana yamejikuta yamesimama juu ya 200 kamili, wala si 190 au 210, kama wanafunzi wote wa darasa kupata alama ile ile ya kupita. Mnunuzi wa Nairobi akiambiwa kwamba tairi fulani ni la 200 na kwa hiyo litadumu, aitikie kwa adabu na aendelee kuuliza.

Jambo la pili ambalo majarida ya nje hayawezi kutusaidia ni urefu wa muda tunaoupata uwanjani. Mwenzetu wa Ujerumani au wa Japani huingia kwenye mzunguko wa kilomita nne au tano na kukaa humo dakika 20, na tairi linalochelewa kupata joto humlipa katika mzunguko wa tatu. Sisi tuna vipande vifupi vya lami vyenye kona za karibu karibu, ambako zamu huisha kabla hujajua kama umeanza vizuri. Na tunapokwenda kwenye mbio za muda kama zile za Kiamburing, gari huachiliwa peke yake kwenye barabara iliyofungwa, hupimwa muda, kisha hurudi kwenye foleni na kupoa. Katika mazingira hayo, tairi lenye mshiko mkubwa kabisa linaweza kushindwa na tairi lenye mshiko wa wastani linaloamka mapema. Sikulielewa hilo kwa kusoma. Nililielewa siku niliyomaliza zamu nzima nikiwa ndiyo kwanza naanza kuhisi matairi yakishika.

Matairi yaliyonifundisha hivyo ni Toyo R888R, ambayo niliyafunga mwaka wa kwanza kwa sababu nilipenda sura yake. Ni tairi zuri kulitazama: matofali makubwa ya mpira mabegani, mifereji miwili tu inayozunguka katikati, na mikato michache inayoelekea upande mmoja. Likiisha kupata joto, usukani wa 86 hubadilika ukawa kama kalamu, na katika breki za mwisho kabla ya kona ndefu gari hutulia kwa namna inayotia moyo. Lakini asubuhi ya mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa kwenye nyuzi 12 na ukungu haujaondoka Athi, mizunguko miwili ya kwanza huwa ni ya kubembeleza tu, kwani pua ya gari hukataa kuingia ndani ya kona na ukiongeza mafuta mapema mkia nao hukataa kukaa nyuma. Barabarani, matofali hayo makubwa huunguruma, na kwenye barabara ya juu ya Expressway, ukiwa ndani ya kikomo cha kilomita 80 kwa saa, mngurumo wake ni wa kiwango ambacho abiria wako huuliza kama beringi ya gurudumu imekufa. Mimi niliuzoea baada ya mwezi mmoja, ila mke wangu hakuuzoea kamwe, na safari za Jumapili kwenda kwa wakwe Thika zilihamia kwenye gari lake.

Sitaki kulidhulumu tairi hili. Kwa mtu mwenye gari la kubebewa kwenye trela, au anayeendesha zamu ndefu, sifa zake zinaonekana, na ubavu wake ulivumilia mashimo yetu kuliko nilivyotarajia. Kosa lilikuwa langu kulinunulia maisha ambayo halikuandaliwa kuyaishi.

Nankang NS-2R lilikuja baada yake, na lilikuja kwa sababu ya bei. Kampuni ni ya Taiwan, na tairi hili hutengenezwa kwa mpira wa aina mbili, mmoja wenye namba ya uchakavu 120 kwa wanaoelekea zaidi mashindanoni na mwingine wa 180 kwa wanaoelekea zaidi barabarani, hivyo kabla ya kulipa ni lazima usome ubavuni uone umeuziwa upi, kwa maana sura ni moja. Mimi nilichukua lile la 180. Fedha ambayo ingenunua seti moja ya Michelin Pilot Sport Cup 2 katika kipimo changu hukaribia kununua seti mbili za hili, na kwa mtu anayejifunza, hesabu hiyo ni somo lenyewe, kwa sababu seti mbili ni siku mara mbili za uwanjani.

Linaendeshekaje? Mshiko wake wa juu kabisa ni mdogo kuliko wa mengine matatu, hilo halina ubishi, na ukitoka kwenye A052 ukapanda hili siku hiyo hiyo utadhani mtu amemwaga maji kwenye kona. Lakini linazungumza. Kabla halijaachia hulalamika kwa sauti inayopanda taratibu, likaachia kidogo, likasubiri uamue, na ukirudisha usukani linashika tena bila kinyongo. Nimewahi kumpa kijana wa dada yangu, ambaye hajawahi kuendesha gari la kusukumwa kwa nyuma, azunguke nalo nikiwa nimekaa pembeni, na katika nusu saa alikuwa amejua mahali mpaka ulipo kwa kusikiliza tu. Ubavu wake ni mgumu, jambo ambalo linamfaa dereva kwenye kona na kumwadhibu kwenye matuta ya mtaani, kwani kila tuta la South B hufika kiunoni likiwa zima. Nililitumia kwa miezi 14, siku saba za uwanjani pamoja na shughuli zote za mjini, na nilipolitoa lilikuwa bado na milimita 3 mgongoni, ingawa mabega ya mbele yalikuwa yamelainika na kuviringika kama ncha ya chaki iliyotumika.

Hapo kwenye mabega ndipo penye habari ambayo watu wengi hawaisomi. Matairi mengi yana alama ya pembetatu ndogo pale ubavu unapokutana na mgongo. Kabla ya kuingia uwanjani mimi huchora mistari mitatu ya chaki nyeupe kutoka mgongoni kushuka hadi chini ya pembetatu hiyo, na nikitoka huinama kutazama chaki imefutika mpaka wapi. Ikiwa imefutika hadi kwenye ncha ya pembetatu na kuishia hapo, upepo uko sawa. Ikiwa imefutika na kushuka ubavuni, tairi linalala kwenye kona na linahitaji kuongezwa upepo, au magurudumu ya mbele yanahitaji kuinamishwa zaidi kuelekea ndani kwa juu. Ikiwa chaki imebaki mabegani, umejaza kupita kiasi na unatembelea katikati tu. Gharama yake ni kipande cha chaki, na kimeniokolea mpira mwingi kuliko ushauri wowote nilioulipia.

Kuhusu upepo wenyewe, kila nyuzi tano au sita za joto huongeza karibu pauni moja (psi), kwa hiyo huwa naingia na pauni 28 tairi likiwa baridi na kutoka na 34 au 35, ambapo gari hili linajisikia vizuri zaidi. Wanaokuja kutoka pwani wakumbuke pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa ya nje huku ni nyepesi, hivyo tairi lililojazwa Mombasa husoma pauni mbili hadi tatu zaidi likifika hapa hata kama joto ni lile lile. Na zamu zikiisha, kabla ya kushika njia ya nyumbani, upepo urudishwe kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni mara tairi linapopoa. Nimeona madereva wakirudi mjini na pauni 24 wakiwa wamechoka na wanataka chakula, kisha shimo moja tu la usiku linapinda rimu ya aluminiamu. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara inatosha kabisa kwa kazi hii.

Sasa Yokohama Advan A052, tairi ambalo nimelipenda kuliko yote na ambalo sitamshauri mtu alifunge na kulisahau. Sifa yake moja inashinda nyingine zote: halisubiri. Kona ya kwanza ya mzunguko wa kwanza, asubuhi ya baridi ile ile iliyonitesa na R888R, gari liliingia ndani kama limevutwa kwa kamba, na nilijikuta nimegeuza usukani mno kwa sababu mikono yangu ilikuwa imezoea kusubiri. Kwa viwanja vyetu vifupi na mbio za kuachiliwa mara moja, hii ndiyo sifa inayostahili fedha. Breki nazo zilibidi zijifunze upya, kwani mahali nilipokuwa nikianza kukanyaga palikuwa mapema mno, na ndani ya siku moja nilikuwa nimesogeza alama yangu ya breki, ambayo ni ufa mmoja mpana kwenye lami, kwa urefu wa magari mawili hivi.

Gharama ya sifa hiyo inaonekana upesi. Ukilisukuma kwa mizunguko mitano au sita mfululizo, hasa mchana wa Februari wakati lami ya Athi inapochemka, huanza kupata joto kupita kiasi na mshiko hushuka. Halikuangushi ghafla, ila huwa kama limepakwa siagi, na dawa yake ni kupunguza mwendo kwa mzunguko mzima ili lipumue. Mpira wake hutoka kwa chembe chembe na kujikusanya pembezoni mwa uwanja, na ukipitisha kiganja mgongoni mwa tairi baada ya zamu utahisi vijimawimbi vidogo vilivyolala upande mmoja. Kina nilichokipima kwa geji kilipungua mbele ya macho yangu, siku kwa siku, na baada ya siku nne za uwanjani niliamua kutolifanya tena tairi la kwenda nalo kazini. Sikuona haja ya kuuchoma mpira wa aina ile kwenye foleni ya Nyayo Stadium.

Kwenye maji lilinishangaza. Wakati wa mvua za masika, lami ikiwa imelowa bila madimbwi, A052 lilishika vizuri kuliko NS-2R na kwa umbali mkubwa kuliko R888R, kwa sababu mpira wake haungoji joto ili ufanye kazi. Lakini kulowa ni jambo moja na kufurika ni jingine. Barabara ya Mombasa ikikusanya maji kwenye njia ya ndani, kama inavyofanya kila Aprili, tairi lolote kati ya haya manne lenye mifereji iliyobaki milimita 3 huelea, na gari linaloelea halijui kama limevaa tairi la bei ghali. Nakumbuka jioni moja nikitoka uwanjani, nikiwa na matairi yapi haidhuru, nilipoingia dimbwi kwa kilomita 60 kwa saa na usukani ukawa mwepesi mkononi kama wa gari lililopandishwa kwenye jeki. Ilikuwa ni sekunde moja, pengine pungufu. Nilihamia njia ya malori, nikafuata nyayo za lori la mizigo kwa kilomita 40 kwa saa hadi nilipofika, na sikuona aibu. Kuna pia ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inayochanganya vumbi, mafuta na masizi ya miezi mitatu kuwa utelezi, na siku hiyo ni afadhali gari la mbio likae nyumbani.

Michelin Pilot Sport Cup 2 nimeliendesha kwa siku moja tu, kwenye seti niliyoazimwa na rafiki yangu mwenye gari kama langu, kwa hiyo sitaliandikia mengi. Mgongo wake una mpira wa aina mbili, upande wa nje ukitengenezwa kwa ajili ya mshiko wa kona na wa ndani kwa ajili ya usahihi wa usukani, na usahihi huo ndio uliobaki kichwani mwangu: hakuna kati ya mengine lililonipa hisia safi kama ile. Linahitaji joto kidogo kabla ya kuanza kazi, si kwa kiasi cha R888R, na likishapata hudumu katika kiwango kile kile mzunguko baada ya mzunguko bila kupakwa siagi. Nadhani 86 ni gari dogo mno kwa tairi hili. Lilizaliwa kwa ajili ya magari mazito na yenye nguvu, ya aina ya Porsche Cayman GT4 ambayo lilitoka nayo kiwandani, na ningekuwa na gari la uzito na nguvu za namna hiyo ningelinunua bila kufikiri mara mbili. Kwa uzito wangu naona kama nimemwajiri seremala wa baharini anitengenezee kigoda.

Kuna jambo lililonigharimu fedha kuliko kuchagua tairi lisilonifaa, nalo ni kununua tairi sahihi lililochelewa. Seti yangu ya kwanza ya matairi ya namna hii niliinunua kwenye duka moja mjini, nikiwa na haraka kwa sababu siku ya uwanjani ilikuwa kesho yake. Matairi yalikuwa mapya, nywele zake za mpira zikiwa bado zimesimama, na yamefungwa karatasi. Fundi wangu wa Industrial Area, mzee ambaye hufunga matairi akiwa amevaa miwani ya kusomea, aliligeuza la kwanza, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma tarakimu nne zilizo mwishoni mwa alama ya DOT, kisha akaniita. "Kijana, hili tairi ni mkubwa wa gari lako." Tarakimu zilisema 2413, yaani wiki ya 24 ya mwaka 2013, na gari ni la 2014. Mpira wa mbio hukauka ukikaa, na hukauka zaidi kila unapopata joto na kupoa, na ule wa kwangu ulikuwa umekaa miaka minane kwenye rafu ambayo sijui ilikuwa na jua kiasi gani. Niliukandamiza kwa kucha, na kucha haikuingia hata kidogo. Mwenye duka alikataa kuyapokea, akisema kwamba hayajatumika, jambo ambalo lilikuwa kweli. Niliyatumia mjini kwa mwendo wa kizee hadi yalipopata wenzake.

Tangu hapo, kabla ya kulipa, huomba picha ya tarakimu hizo kwa kila tairi, yote manne, kwa sababu seti huchanganywa. Wauzaji wazuri hawakasiriki. Mwingine huniuliza tu kama nataka kununua tairi au kulioa.

Mpangilio wangu wa sasa ni seti mbili za rimu. NS-2R la 180 hukaa kwenye gari mwaka mzima, na A052 hufungwa usiku wa kuamkia siku ya uwanjani na kuondolewa nikirudi, kwa jeki na spana yangu mwenyewe, chini ya taa ya maegesho, mlinzi wa nyumba zetu akinishikia tochi na kuniuliza kila mara kwa nini namvua viatu mtu ambaye hajachoka. Asiye na nafasi ya seti ya pili, au anayeishi ghorofa ya nne bila lifti, abaki na NS-2R na fedha inayobaki ailipie siku za uwanjani. Mwenye Impreza aongeze kina cha mfuko, kwani mabega ya mbele yatakwisha kabla ya mengine na itambidi ahamishe matairi ya mbele na ya nyuma kila baada ya siku mbili za uwanjani. Na kila mmoja asome mkataba wake wa bima, kwa sababu sera nyingi hutenga mashindano na majaribio ya kasi kwa maandishi madogo, na tairi la bei yoyote halilipi bampa.

Seti yangu ya A052 iko nyuma ya mlango wa stoo, imefunikwa gunia ili mwanga usiifikie, ikiwa na milimita 4 zilizobaki mbele na 5 nyuma. Nimeshaagiza nyingine, na picha ya tarakimu imefika jana: tairi tatu za wiki moja, na la nne limetangulia kwa miezi mitano, ambalo nimeomba libadilishwe.